Kabati Jekundu na Kiwiko cha Arlys

Wifi yangu Arlys ni mrefu. Sisemi urefu ule wa kusifiwa na watu. Nasema urefu wa kununua suruali katika duka la wanaume na bado vifundo vya miguu vikabaki nje. Kaka yangu Orlin, mumewe, ni mfupi, na hilo nalisema kwa upendo, maana mimi dada yake nimemzidi kidogo tu. Siku ya harusi yao mpiga picha alimketisha bibi harusi kwenye kiti na kumsimamisha bwana harusi pembeni, mambo yakaenda sawa. Picha hiyo iko sebuleni kwao, na kila mgeni anayeitazama husema kiti kile ni kizuri.

Mimi naishi nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya kichochoro. Dirisha la jikoni kwangu linatazama mlango wa gereji yao, kwa hiyo nikisema nimeona, jueni nimeona. Mji wetu ni mdogo, umezungukwa na mashamba ya viazi sukari pande zote, na watu wake ni wapole mno. Mimi peke yangu ndiye mwenye mdomo, na watu wamezoea.

Arlys alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa mji. Mashine ya kukamulia ilikuwa ikifa kila baridi inapokolea, na kaka zake walikuwa wakigombania nani abaki ndani karibu na jiko. Yeye akatoka, akaifungua, akaitazama, akaifunga, ikanguruma. Tangu hapo hajawahi kuogopa injini yoyote. Alipoolewa na Orlin, aliyekuwa akitengeneza matrekta na malori ya mavuno, alichukua pembe moja ya gereji akaanza kushughulikia injini ndogo: mashine za kukatia nyasi wakati wa joto, na majani yakishaanguka, mashine za kusafishia theluji. Miaka ikapita, Orlin akaanza kupunguza kazi, ila watu walizidi kumiminika. Wakifika mlangoni wanampungia Orlin mkono kwa heshima, halafu wanauliza Arlys yuko wapi.

Katikati ya yote hayo lilikuwepo kabati. Orlin alilinunua mnadani kabla hata hajaoa, siku karakana moja ya malori ilipofungwa. Ni kabati la chuma, jekundu, pana, lenye droo tele na magurudumu manne, na juu yake kuna ubao mnene wa mti mgumu. Ubao huo ndio meza ya kazi. Ulimfika Orlin tumboni, mahali hasa panapofaa. Arlys ulimfika mapajani. Basi akawa anafanya kazi ameipanua miguu kama twiga anayekunywa maji, mgongo umepinda, pua karibu iguse kabureta.

Nilimwuliza mara nyingi mgongo unaendeleaje. Jibu ni lile lile: siyo mbaya. Kwetu hapa "siyo mbaya" halikusaidii kujua lolote. Jirani yetu ghala lake lilipoungua mpaka msingi, alisema siyo mbaya, ng'ombe walikuwa nje.

Oktoba hii iliyopita nilikuwa naosha vyombo nikamwona Arlys anatoka gereji ameinama kabisa, anatembea polepole, macho chini kwenye majani. Nikajua kaangusha kitu. Nikavaa ndara nikatoka kumsaidia kutafuta. Tukazunguka naye hatua kadhaa, mimi nikipapasa nyasi, ndipo nikamwuliza.

"Umeangusha nini, wifi?"

"Sijaangusha kitu, Bernadine. Mgongo umegoma kunyooka."

Nilicheka, kisha nikamwona jasho la usoni, nikaacha. Tulimpakia kwenye gari amelala ubavu, Orlin akampeleka mji mkubwa kwa daktari wa mgongo.

Daktari alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alimwambia asiiname tena akiwa kazini. Akiendelea kuinama hivyo, theluji haitafika kabla hajapasuliwa, na akishapasuliwa, habari ya injini aisahau. Arlys alirudi akatueleza hayo kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Akasema labda ni wakati wa kuacha. Mashine za msimu huu zipelekwe kwa fundi wa mji wa pili, hatafungua gereji. Halafu akachukua kitambaa akaanza kupangusa spana moja ambayo tayari ilikuwa inang'aa, akaipangusa, akaipangusa. Iliniuma sana. Mwanamke yule anaposikia injini inakohoa barabarani hugeuza kichwa kabla ya mbwa. Ukimwondolea kazi ile sijui ungembakishia nini.

Kesho yake Orlin akaja kwangu. Nikamkaribisha kahawa, akakataa. Nikamkaribisha tena, akasema asinisumbue. Mara ya tatu akakaa akanywa vikombe viwili. Ndivyo inavyotakiwa.

"Dada, nimefikiri," akasema. "Mgongo hauna kosa. Kosa ni la kabati."

Alikuwa ameliwaza usiku kucha. Alitaka kulipandisha: kutoa magurudumu, kujenga jukwaa la mbao chini yake, ubao ule ufike mahali ambapo Arlys angefanya kazi amesimama wima kama binadamu. Lakini alitaka iwe bila mkewe kujua, kwa sababu ukimwuliza Arlys kama anataka jambo lolote atakwambia usijisumbue, na akishasema hivyo huwezi kufanya tena bila kuonekana mkorofi. Shida ilikuwa moja. Kimo cha meza hupimwa kwa kiwiko: unasimama wima, unakunja mkono, na meza inakaa kiganja kimoja chini ya hapo.

"Nahitaji kiwiko chake," akasema.

"Kiwiko cha mkeo unakuja kukiomba kwangu?"

"Nikimwendea na futi atauliza. Wewe una mikono miepesi."

Kwa bahati ilikuwa wiki ya kutengeneza lefse, ile mikate myembamba ya viazi, kwa ajili ya karamu ya kanisa. Wanawake wote tulikuwa katika ukumbi wa chini ya kanisa, tumejaa unga mpaka kwenye nyusi. Daktari alikuwa amemruhusu Arlys kusimama, si kuinama, kwa hiyo tulimpa kazi ya kugeuza mikate kwenye bamba la moto kwa kijiti kirefu. Nikafungua kamba ya aproni yangu, nikajipitisha nyuma yake, nikaangusha kijiko makusudi. Nikachuchumaa, nikakanyaga ncha moja ya kamba, nikainuka nayo taratibu hadi kwenye kiwiko chake, nikafunga fundo. Arlys akageuka akanikuta nimemsimamia karibu mno, kamba mkononi.

"Unanifunga?"

"Aproni imenifunguka."

Akaniangalia kwa muda, akarudi kwenye mikate yake. Nilivuja jasho kuliko viazi.

Siku ya karamu yenyewe, Jumamosi, Arlys alitakiwa kanisani tangu asubuhi kusimamia wagawa chakula. Gari lake lilipopinda kona tu, mimi na Orlin tukaingia kazini. Kabati lenye vyuma ndani haliinuliki, kwa hiyo tulianza kutoa droo moja moja na kuzipanga sakafuni. Orlin alichomoa za juu: bisibisi zake, spana zake, kofia yake ya zamani. Alipofika za chini kabisa, zile za kupigia magoti, akakuta vitu vya Arlys vyote: plagi, brashi ndogo, koleo zenye midomo myembamba, gasketi katika makopo ya biskuti. Alibaki amechuchumaa pale, droo mkononi.

"Vyake vyote viko chini," akasema.

Nikamwambia ndiyo, yeye alitangulia kununua kabati, akatangulia kuchagua droo. Akaiweka ile droo sakafuni kwa utaratibu, kama ina mayai.

Kisha tukatoa magurudumu, tukaingiza jeki, tukawa tunapandisha upande mmoja na kuweka kipande cha mbao, halafu upande wa pili na kipande kingine. Orlin alikuwa ameshakata fremu ya mbao nene nyuma ya nyumba kwa kipimo cha kamba yangu, akaikaza kwa bolti, akaipigilia plaiwudi juu, tukaisukuma chini ya kabati na kulishusha juu yake. Sakafu ya gereji zetu ina mteremko kuelekea mlangoni ili maji ya theluji yatoke, kwa hiyo pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, ilipowekwa, kipovu chake kilikimbilia pembeni. Akachonga vipande vyembamba vya kuwekea mbele mpaka kipovu kikatulia katikati. Mwisho akalifunga kabati ukutani lisije likamwangukia mtu akivuta droo. Droo zikarudi, lakini si mahali pake: za Arlys zikaenda juu, za Orlin zikashuka chini.

Nikasimamisha kamba yangu. Fundo lilikaa kiganja kimoja juu ya ubao, sawasawa kabisa. Nikampongeza. Ndipo Orlin akajisogeza mbele ya kabati akaweka mikono juu ya ubao, na ubao ulikuwa kifuani mwake. Alionekana kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilitaka kucheka, nikatazama uso wake nikaona si mahali pake.

"Na wewe je?" nikamwuliza.

"Mimi niko sawa," akasema.

Arlys alirudi jioni ananuka samaki wa magadi, ule mlo wa karamu yetu ambao ukishaupika nguo zinabaki nje. Orlin akawasha taa zote. Arlys akasimama mlangoni. Akaenda hadi kwenye kabati polepole, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya ubao. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Akavuta droo ya juu, akaziona plagi zake, akairudisha.

"Hii ni tofauti," akasema. Akageuka akaingia ndani kuoga.

Sasa lazima niseme kuhusu neno hilo. Mwaka fulani nilipaka jiko langu rangi ya boga. Shangazi alikuja akasema ni tofauti, jirani akasema ni tofauti, mwenye duka aliyeniuzia rangi alikuja akasema ni tofauti. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimelipaka upya jeupe. Kabla ya hapo tulikuwa na mchungaji aliyepiga gitaa kwenye ibada. Watu walimshika mkono mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wakamwambia ibada imekuwa tofauti, na theluji ilipoyeyuka alikuwa ameshahamia jimbo lingine. Hakuna mtu wa kwetu anayekwambia kitu chako kibaya. Anasema ni tofauti, na wewe ukiwa umelelewa vizuri unakiondoa.

Orlin amelelewa vizuri. Alizima taa moja moja, akaniambia asante dada kwa msaada, akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Nami nilirudi kwangu nimemkasirikia Arlys mpaka nikakosa hamu ya kula.

Kesho yake Orlin alitangulia kanisani, Arlys akachelewa, jambo ambalo halijatokea tangu nimjue. Akaingia wimbo wa kwanza unakwisha, akajibana kati yangu na Orlin. Nikasikia harufu ya petroli. Nikamtazama Orlin kwa jicho kali kwamba hata Jumapili hakuoga. Baada ya ibada Arlys alibaki kuosha sufuria za karamu, mimi nikapewa lifti kurudi nyumbani, nikasimama dirishani kwangu kutengeneza kahawa. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Orlin, bado yuko katika shati la kanisani, alikuwa anafungua bolti za ukutani, na jeki iko miguuni mwake.

Nilivuka kichochoro bila koti.

"Unafanya nini?"

"Nalishusha."

"Halafu akafanyie kazi wapi?"

"Hatafanya, dada. Ulimsikia. Nimemjengea kitu cha mgonjwa, na nimekuonyesha wewe kabla yake. Kama hataki, basi aache kazi kwa heshima yake, mimi sitamlazimisha." Akaingiza jeki chini ya fremu.

Nilikuwa bado natafuta neno la kumzuia pale gari la Arlys lilipoingia. Alishuka na bakuli la mikate iliyobaki, akatuona, akaiona jeki. Akaliweka bakuli juu ya boneti.

"Orlin, hiyo jeki ya nini?"

"Nalirudisha lilivyokuwa."

"Kwa nini?"

"Ulisema ni tofauti."

Nikaona damu inampanda Arlys usoni, kutoka kwenye kola hadi kwenye masikio, mpaka akawa mwekundu kama kabati lenyewe.

"Nilisema tofauti kwa sababu ni tofauti," akasema. "Niliweka mikono pale na hakuna kilichoniuma. Nilingoja maumivu, hayakuja. Sikuwa na neno lingine. Nilifungua mdomo likatoka hilo. Leo kabla ya kanisa nimefungua kabureta nzima pale juu. Na gauni la kanisani mwilini. Nimesafisha, nimefunga, sijainama hata kidogo. Ndiyo maana nilichelewa."

Kumbe petroli ilikuwa yake. Orlin alikuwa bado ameshika mpini wa jeki.

"Ungeweza kumwambia tu kwamba unalipenda," nikasema mimi.

Wote wawili wakanigeukia kama nimevua nguo barabarani. Lakini Arlys akavuta pumzi, akamtazama mumewe.

"Nalipenda, Orlin. Nalipenda sana. Jana nilikimbilia kuoga nisilie mbele ya huyu."

Huyu ni mimi. Sikujali. Orlin aliuachia mpini, ukalia sakafuni. Arlys akatazama kabati, akamtazama yeye, akatazama kabati tena. Nadhani ndipo alipopiga hesabu.

"Wewe hulifikii," akasema. "Ulijua hulifikii, na ukalijenga."

"Nilijua kabla sijakata ubao wa kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Orlin alijifuta mikono kwenye suruali yake ya kanisani, kosa ambalo siku nyingine lingemletea hotuba. Kisha akainua kiganja hadi usawa wa macho yake mwenyewe.

"Ulipokuwa unainama kwenye kabati, uso wako ulikuwa unakaa hapa," akasema. "Hapa hasa. Nikiinua macho nakuona. Nilikuwa nafurahi, Arlys. Kila siku nafurahi, wala sikujiuliza hata mara moja kwa nini mwanamke mrefu kama wewe uso wake uko hapa."

Mimi mwenye mdomo nilitazama viatu vyangu.

Arlys hakumkumbatia, sisi hatufanyi hivyo mchana na mlango uko wazi. Aliisukuma jeki pembeni kwa mguu, akazikaza upya zile bolti za ukutani ambazo Orlin alikuwa ameshazilegeza. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi amebeba kwapani mbao zilizobaki. Akaziweka juu ya kabati, akachukua msumeno, akakata amesimama wima, gauni la kanisani limejaa vumbi la mbao. Hakupima kwa futi. Kila mara alikuwa anageuka, anamtazama Orlin kutoka nywele hadi viatu, anarudi kukata. Alipomaliza kukaza skrubu alikuwa ametengeneza sanduku pana la kusimamia, akaliweka sakafuni mbele ya kabati, upande wa kulia, pale Orlin anaposimama siku zote.

"Panda," akasema.

Orlin akapanda. Akajinyoosha, akaweka mikono juu ya ubao, na ubao ukamfika tumboni. Arlys akaja akasimama kando yake, mgongo umenyooka, wakageukiana. Macho ya mmoja yalikuwa mbele ya macho ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa ameinama.

Walikaa hivyo mpaka nikaona aibu kuwatazama. Kisha Arlys akavuta droo ya juu, akampa Orlin koleo, akamwambia aanze kufungua plagi ya mashine ya jirani ya kusafishia theluji iliyokuwa ikingoja pembeni, kwa sababu redioni wamesema theluji itafika kabla ya Alhamisi.